Mikia Sita Isiyo na Alama

Chumba cha kukatia, maabara
Jumatano, saa saba mchana

Kaka yangu,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wifi na watoto, na kwamba mizinga haijakupa kazi ya ziada. Wifi mwambie ile sketi aliyonishonea bado naivaa, ila sasa inanizunguka kiunoni kwa jinsi nilivyopungua. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, sina homa wala mafua, lakini moyo hautulii. Tangu asubuhi nimekaa na kuinuka mara kumi na kitu, nimefuta meza iliyokwisha kufutwa, na hata sasa naandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji ya maabara.

Mama simuulizii hapa juu kama barua zinavyotaka, maana barua yote hii ni ya mama.

Leo asubuhi nilikupigia simu nikakuomba Ijumaa usimwekee mama nyuki wa kumuuma magoti mpaka uwe umesoma barua yangu. Ulicheka. Uliniuliza tangu lini kitinda mimba akaanza kutoa amri katika nyumba ile, kisha ukasema kama nina neno nilitoe papo hapo, mambo ya barua yalikwisha zamani. Nilitaka kusema. Lakini nilimsikia mama akikohoa karibu yako, na mazoea yako ya kuweka simu spika nayajua, basi nikaishia kukuuliza kama mvua zimeanza. Ukanijibu habari za mvua. Kuhusu Ijumaa ulisema tutaona. Hiyo tutaona ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Ningeweza kumpigia wifi, lakini ningekuwa nakuzunguka ndani ya nyumba yako mwenyewe, na makosa niliyokwisha kukufanyia yanatosha. Mwalimu jirani yenu alikuja huku kwa semina, anarudi kesho alfajiri, na ameniahidi kukukabidhi mkononi kabla hajafika kwake. Kwa hiyo ukiisoma itakuwa bado ni Alhamisi. Nakuomba ukae peke yako na usiisome kwa sauti.

Kazi yangu unaijua kwa utani zaidi kuliko kwa ukweli. Huwa unawaambia watu kwamba mdogo wako alisoma miaka yote ile akaishia kuwa muuguzi wa panya. Sikatai, ila wagonjwa wangu hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka huu bosi wetu, daktari mmoja mwanamke tunayemwita Miwani Miwili kwa kuwa huvaa ya kusomea puani huku ya kutembelea ameisahau kichwani, alitaka kujua sumu ya nyuki inafanya nini ndani ya mwili: kwenye figo, ini, moyo na ngozi. Alinichagua mimi kwa sababu niliwahi kujisifu kwamba kwetu tumekua na nyuki. Tulikuwa na panya weupe kumi na wawili. Sita walidungwa sumu ya nyuki iliyoyeyushwa, kila siku kwa mwezi mmoja. Sita walidungwa maji ya chumvi tu, ili tuwe na wa kuwalinganisha nao. Waliishi wamechanganywa, watatu watatu katika kila kizimba, wote wapate joto lile lile na chakula kile kile. Tofauti yao ilikuwa mkiani: mstari mmoja wa wino ni wa maji, miwili ni wa sumu. Panya hujilamba kutwa, wino hufutika, kwa hiyo kila baada ya siku tatu mtu lazima apitie mikia yote kwa kalamu. Mtu huyo ni mimi. Miwani Miwili hakutakiwa kujua nani ni nani mpaka amalize kutazama viungo, asije akaona anachotaka kuona. Alimwamini mwenye kalamu.

Panya wakishamaliza siku zao viungo hutolewa, hulowekwa kwenye dawa ya kuvihifadhi, kisha kila kipande huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa na kuachwa igande. Ndiyo, kaka, nta. Wewe unaichuja uani, mimi naichemsha kwenye chumba chenye feni mbovu, na yangu wala haina harufu ya asali. Kibonge hicho cha nta nakifunga kwenye mashine, nazungusha mkono wake, wembe unakata utando mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Nautandaza juu ya maji ya vuguvugu, nauchota kwa kioo, naupaka rangi ya zambarau na ya waridi, ndipo hadubini inaweza kusema kitu. Figo nzima mirija yake imejipanga safi, kila mmoja na ukuta wake. Figo iliyoharibika, kuta zimebanduka na mirija imezibwa na mabaki yake yenyewe. Ukiiona mara moja huhitaji kuelezwa tena.

Sindano za mwisho zilikuwa Ijumaa asubuhi. Panya walipaswa kupumzika hadi Jumanne, ndipo tuwapasue. Ijumaa hiyo hiyo ndiyo uliyonipigia ukisema nije nione kwa macho yangu mwenyewe, na Jumamosi nikawa kwenu. Mama alikuwa kwenye kile kiti chake cha plastiki, magoti yana vinundu vyekundu pale nyuki walipomuuma. Akaweka mikono mapajani, akainuka bila kushika meza. Mwaka mzima alikuwa hainuki mpaka watu wawili wamshike! Akatembea hadi mlangoni, akageuka, akaniuliza ninalia nini, kwani nimeona maiti, na kama nimefunga safari kuja kutoa machozi basi nitoe na takataka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Wakati ule ulikuwa unamwekea nyuki wanane, Jumanne na Ijumaa, mmoja mmoja kwa kibano, na ulikuwa mwangalifu, sikunyimi sifa hiyo. Uliniuliza kama kuna hatari ukiongeza, kwa kuwa goti la kushoto lilikuwa bado gumu. Nikakuambia subiri, panya wangu watatujibu.

Wakajibu. Miwani Miwili alitazama figo za panya wote kumi na wawili. Sita walikuwa na figo nzima, sita figo zimeharibika. Ndipo akafungua daftari langu kujua nani alikuwa nani. Kati ya hao sita wenye figo mbovu, watatu walikuwa wa sumu na watatu wa maji. Nusu kwa nusu. Alivua miwani yote miwili akasema basi kosa si la sumu, maana maji ya chumvi hayawezi kuwa na ukali sawa na sumu. Lazima ni chakula, au maranda ya mbao tunayowatandikia. Akanipongeza kwa kazi safi. Akaandika ripoti.

Nami badala ya kutulia nilitoka nje ya jengo nikakupigia. Unakumbuka nilivyokuwa napiga kelele, hadi mlinzi wa geti akageuka. Nilikuambia sumu ya nyuki haina neno na figo, tumeona kwa hadubini, ongeza. Neno ongeza nililisema mimi, wewe ulikuwa umeuliza tu. Jumanne iliyofuata ukapanda kutoka wanane hadi kumi na watano, na ukaanza kuwatangazia majirani kwamba mdogo wako wa maabara amethibitisha. Hii ni wiki ya sita sasa.

Ilibaki ngozi, ile ya pale sindano ilipokuwa inaingia. Ngozi ni ngumu, ilituulia wembe wa mwisho, tukakaa tukisubiri mwingine. Ulipofika, Jumatatu ya wiki iliyopita, nikazikata. Ilikuwa kazi ya kumalizia tu, ripoti ilikwisha kwenda zake. Nilikuwa naimba. Kwa panya aliyedungwa, sumu huacha alama isiyofichika: nyama ya chini ya ngozi hufa, na seli za kupambana na maradhi hujazana hapo. Maji ya chumvi hayaachi kitu. Nikaweka kioo cha kwanza kilichoandikwa maji, nikakuta nyama imekufa. Nikadhani nimechanganya vioo. Cha pili vile vile. Cha tatu vile vile. Halafu vioo vitatu vilivyoandikwa sumu, ngozi safi kabisa, haina hata kovu. Niliacha kuimba. Nikachukua namba za panya zilizoandikwa kwenye vioo nikazilinganisha na za figo. Wale panya watatu wa maji waliokutwa na figo mbovu ndio hao hao wenye ngozi iliyokufa. Hawakuwa wa maji, kaka. Panya waliopewa sumu waliharibika figo wote sita, na waliopewa maji walikuwa wazima wote sita. Hakukuwa na nusu kwa nusu yoyote.

Nimetoka nje kidogo kunywa maji. Nimerudi.

Sasa nikuambie walivyobadilishana, na hapa ndipo uso unaniwaka. Ile Ijumaa niliyokimbilia kwenu ilikuwa siku ya kupitia mikia. Basi lilikuwa linaondoka saa nane, nikatazama saa, nikasema wino utavumilia. Jumatatu Mjomba Maranda, mzee anayewatunza panya, ambaye mvi zake hazikosi maranda ya mbao, akasafisha vizimba na kuwarudisha panya kama kawaida yake. Yeye hakukosea, kazi yake si kuchora. Jumanne asubuhi nimeshuka kwenye basi macho mekundu, naingia, nakuta vizimba viwili vizima mikia haina kitu. Panya sita. Miwani Miwili alikuwa tayari amevaa glavu. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: hawa sita hawajulikani, tuwatoe. Ingekuwa aibu, na pengine mwezi mzima wa kazi kuanza upya. Sikuyasema. Nikachukua kalamu nikabahatisha.

Na unajua nilibahatisha kwa kipimo gani? Kwa hasira. Nilitumbukiza mkono kizimbani. Watatu waliong'ata glavu na kurukaruka nikawachorea mistari miwili, kwa kuwa kwetu sisi tunajua aliyeumwa na nyuki hakai kimya, anaruka na kutukana ukoo mzima. Watatu waliojikunyata kwenye kona, wakaniacha niwashike nipendavyo, nikawachorea mmoja. Nilijiona mjanja, mtoto wa mfugaji nyuki. Wala sikukaa nikalifikiria tena mpaka ngozi ziliponisuta. Wale waliojikunyata hawakuwa wapole, kaka. Walikuwa wanaumwa.

Jumapili niliongea na wifi. Nilimpigia nikijifanya nauliza habari za sare za shule. Akaniambia, kwa mzaha, kwamba nyumba imepoa siku hizi. Mama hagombi tena. Chai ikikosa sukari anainywa hivyo hivyo. Watoto wanacheza mpira sebuleni na yeye anawatazama tu. Anasinzia mchana, na asubuhi ndala hazimwingii kwa jinsi miguu ilivyovimba, nawe unasema ni nyuki wanafanya kazi. Wifi alisema hatimaye nyuki wamemfundisha mama adabu. Nikacheka naye, Mungu anisamehe. Mama yetu, ambaye alimgombeza daktari wa meno huku vyuma viko mdomoni! Mama huyo anakunywa chai isiyo na sukari na kunyamaza, na sisi tunaita ni kupona.

Lipo zito zaidi ya hilo la wino, na nikilikwepa hapa sitalisema tena maishani. Ngozi zile nilizitazama Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo ni Jumatano nyingine. Nimekaa nalo siku tisa. Nilijiambia nihakikishe kwanza, nikakata ngozi upya, zikasema yale yale. Nilijiambia panya si mama. Nilijiambia nikuandikie Jumamosi kwa utulivu, Jumamosi ikafika nikafua mapazia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kupoteza kazi yangu, niliogopa Miwani Miwili atakavyonitazama, na zaidi ya yote niliogopa wewe, ambaye ulikuwa unanitaja kwa majirani kwa kiburi ambacho sijawahi kukisikia kwako. Katika siku hizo tisa umemwekea mama nyuki Jumanne, ukamwekea Ijumaa, na jana ukamwekea tena. Kumi na watano mara tatu. Hao arobaini na watano si wako. Waliotangulia tutagawana lawama, lakini hao ni wangu peke yangu, nilikuwa najua na nikanyamaza.

Panya si mama, hilo bado ni kweli. Wao ni wadogo, na sumu waliyopewa kwa uzito wao ilikuwa nyingi kuliko ya mama. Huenda miguu imevimba kwa sababu nyingine. Huenda figo zake ni nzima na nitakuwa nimekutia tumbo joto bure, na hapo unitukane nitashukuru. Sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile nilipokuambia najua, nilikuwa sijui. Kwa hiyo mpeleke hospitali leo hii hii unaposoma, hata kama ni jioni. Waombe wampime damu na mkojo waangalie figo. Watakuuliza amekuwa akitumia nini. Usiseme ni mitishamba, na usiseme ni wadudu wa shambani. Sema nyuki, sema ulianza lini, sema walikuwa wanane, kisha kumi na watano mara mbili kwa wiki. Usipunguze hata mmoja kwa ajili ya kunistiri, wala kwa ajili ya kujistiri. Na yule jirani anayeumwa mgongo uliyemwahidi nyuki, mwambie pia asubiri.

Saa tisa Miwani Miwili anatoka kwenye mkutano, na atanikuta mlangoni kwake na vioo vyangu sita vya ngozi. Kesho siku nzima nitakuwa naandika jinsi ilivyotokea, maana ripoti ile lazima irudishwe kabla watu wengine hawajaiamini kama tulivyoiamini sisi. Jioni napanda basi, aniruhusu asiniruhusu, kazi iwepo isiwepo. Ijumaa asubuhi nitakuwa kwenu, au hospitali kama mtakuwa huko. Ukitaka kunifungia mlango utakuwa na haki zote. Ila nifungulie kwanza nimwone, halafu unifukuze.

Wifi mpe salamu zangu na umwonyeshe barua hii, asijilaumu kwa kucheka. Watoto wabusu. Mama mpe shikamoo yangu, na usimfiche kitu: mwambie ni mimi niliyesema nyuki waongezwe. Akinigombeza, niwekee akiba ya kila neno, nitakuja kuyasikiliza yote. Akinyamaza, usimwache alale. Mbebe hivyo hivyo mwende.

Naishia hapa, mwalimu amefika getini.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba